Mikono Iliyochelewa Kuamka

Juzi dukani kwangu hapa Madogo aliingia mama mmoja kununua misumari, akaweka kibuyu chake cha maziwa juu ya kaunta, na kabla sijamuuliza anataka misumari ya inchi ngapi, pua yangu ilikuwa imeshafika Garsen. Ni ule moshi. Anayeujua anaujua. Kibuyu hutiwa vijiti vinavyowaka, kikatikiswa na makaa yake mpaka ndani kukawa kweusi kunanukia, na maziwa yakikaa humo hupata ladha ambayo friji haijawahi kuitoa wala haitaitoa. Yule mama alinitazama nimesimama kama mtu aliyesahau biashara. Nikamwambia anisamehe, nimepita nyumbani kidogo. Akacheka, akasema hata yeye angepita kwao kama si jua hili.

Nyumbani kwetu kulikuwa nje kidogo ya mji wa Garsen, mwendo ambao mtoto angeweza kwenda na kurudi bila kulalamika sana. Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe, na kazi zetu ziligawanywa zamani bila mtu kuitisha mkutano. Kiangazi kikishika, baba na wanaume wenzake waliondoka na kundi kubwa, wakafuata majani huko chini kwenye delta ya mto. Ng'ombe wenye ndama walibaki nyumbani na wanawake. Mama alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, wengine alikuja nao alipoolewa, wengine alipewa na baba kila alipojifungua. Aliwakamua mwenyewe, akayabeba maziwa mpaka mjini, akayauza mwenyewe, na sabuni yetu, unga wetu na sare zangu za shule zilitoka hapo. Baba mwenyewe akitaka maziwa ya chai alimwomba.

Sasa, kuna desturi moja lazima niieleze, maana mambo yote yanaizunguka. Mwanamke akishindwa kukamua, kwa ugonjwa au kwa uzee, ng'ombe wake huhamishiwa boma la ndugu wa mumewe wakakamuliwe huko. Ni huruma, si unyang'anyi. Ng'ombe asipokamuliwa chuchu huharibika, na ndama akiachiwa maziwa yote naye huharisha. Lakini ng'ombe waliohama kwa huruma hiyo, mimi katika utoto wangu wote sikuwahi kuona waliorudi.

Mama alikuwa mkamuaji wa kutajwa. Nasema hivi si kwa sababu ni mama yangu. Alikuwa na kasi, na alikuwa na namna ya kuwanong'oneza ng'ombe maneno ambayo hakutuambia sisi watoto. Alfajiri, kabla ndege hawajaanza, nilikuwa nasikia maziwa yakipiga ndani ya chombo, mlio mwembamba kwanza, kisha mzito kadiri chombo kinavyojaa. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kuamka.

Mwaka mmoja mlio ulianza kuchelewa. Halafu ukawa wa kukatikakatika. Nililala ubavuni mwa mama, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Aliamka wakati wake wa siku zote, akakaa kitako kitandani, lakini mikono yake ilibaki pale pale mapajani imekunjika, haifungi wala haifunguki. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na vifundo vya mikono vilevile, vikiwa na joto ukivigusa. Mchana nilimtafuta yule mgonjwa wa alfajiri nisimwone. Alisuka nywele zangu, alicheka na majirani, alifunga mzigo wa kuni. Kesho yake alfajiri, yale yale.

Mtoto hawezi kukaa bila jibu, basi nikajitungia langu. Niliamua kwamba mikono ya mama ilikuwa na usingizi wake peke yake, na ilikuwa inachelewa kuamka. Kule kuvimba nikakuona ni kwa usingizi, kama macho ya mtu aliyelala kupita kiasi. Jamani, nililiamini jambo hilo kwa moyo wangu wote. Nilimziba mdogo wangu mdomo alipolia alfajiri, nikimwambia ataiamsha vibaya. Siku moja niliichukua shuka yangu nikaifunika mikono ya mama, yeye nikamwacha na baridi. Mama aliniangalia kwa muda, kisha akageuza uso ukutani. Nilidhani anacheka.

Watu wazima nao walikuwa na jibu lao, na lao lilikuwa na madhara zaidi. Kwetu, mtu akisema viungo vinauma, hakuna anayeuliza swali la pili. Ni brusela, homa ya maziwa, imemtoka ng'ombe ikamwingia mtu. Ugonjwa huo upo kweli, tena unatesa, na ndiyo maana watu wa maziwa huuona kila mahali. Mama alipimwa dukani kwa muuza dawa mmoja mjini, akaambiwa ndiyo, ni brusela. Akanunua vidonge, akachomwa sindano, akamaliza. Mikono ikabaki vile vile. Akapimwa tena, akaambiwa imerudi, akaanza upya. Vidonge vile vilimchafua tumbo akakonda, na viungo havikupungua hata kidogo.

Sasa fikiria muuza maziwa ambaye mji mzima unajua ana ugonjwa wa maziwa. Mama Komora, Mpokomo mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, alikuwa mteja wetu mkubwa, na alimpenda mama. Hata yeye asubuhi moja alitoka nje akifuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti ya chini kwamba wateja wanauliza maziwa ya chai yametoka kwa nani. Hakutaka kumuumiza. Alisema tu, "Mama Dahabo, pumzika kwanza, upone. Mimi iko hapa." Tulirudi na mitungi imejaa.

Habari ilimfikia Shangazi Hawa, dada mkubwa wa baba. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye boma kubwa na sauti inayofika kabla yake, na alipoona jambo limelegea aliliona kama dhambi. Alikuja akamwona mama alfajiri anavyohangaika, akaona ng'ombe mmoja anampiga teke na chombo kinamwagika, akaona mchana mama huyo huyo anasuka ukili kama hana kitu. Kwake hesabu haikujumlika. Alituma salamu delta kwa baba kupitia watu waliokuja kuuza madume, na salamu zikarudi zikisema baba amekubali: mvua za kwanza zikikaribia, Hawa aje aangalie mwenyewe. Akiona mama hawezi kukamua, awachukue ng'ombe.

Mama alipoambiwa alikuwa anatwanga. Aliweka mchi chini polepole. Alisema, "Wakitoka hawa, mimi nitakuwa mgeni hapa hapa nyumbani kwangu." Hakuniambia mimi, alikuwa anajisemea, lakini nilisikia, na nilielewa kuliko alivyodhani.

Ndipo tukaenda zahanati. Si kwa muuza dawa, zahanati ya serikali, ambako alikuwa ameletwa daktari kijana, mgeni, mwembamba, ambaye watu hawakuwa wamemwamini bado. Mama alitaka apewe ile sindano ya brusela kwa mara nyingine, kali zaidi ikiwezekana. Yule daktari akamshika mikono, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akauliza inauma lini. Mama akajibu kama watu wetu wanavyojibu, kwamba inauma tu, Mungu ndiye ajuaye. Daktari akauliza tena. Mama akasema tena.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikasema haiumi siku nzima, inachelewa kuamka. Mama akanikanyaga mguu. Daktari hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza, "Inaamka saa ngapi?"

Nikamwambia mama anaamka giza bado lipo, lakini mikono inaamka jua likiwa limeshapanda juu ya lango la zizi. Mkono wa kulia na wa kushoto? Yote miwili, nikasema, inalala pamoja na inaamka pamoja. Na joto inalo? Inalo. Akamgeukia mama, akamwuliza kama nasema kweli. Mama akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilia mbele ya mtu.

Daktari alisema hadhani ni brusela, na kwamba atatuandikia kwenda hospitali kubwa wakatoe damu ya vipimo vingine. Tulikwenda, mama akauza mbuzi kwa ajili hiyo, na jibu likawa alivyodhani. Ni ugonjwa wa viungo unaoitwa rumatoidi, aina ya baridi yabisi, ingawa si baridi inayouleta, wala maziwa, wala jicho la mtu. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi yanayoingia, inageuka na kuvishambulia viungo vyako wewe mwenyewe. Hauambukizi. Hauponi pia, alituambia hivyo wazi, lakini unashikika. Mama alipewa vidonge vya kumeza siku moja tu kwa wiki, akaonywa asije akavimeza kila siku kwa tamaa ya kupona haraka, na akatakiwa kurudi kupimwa damu. Mama akachagua Ijumaa, kwa sababu Ijumaa hata kichwa cha mtu mzembe hakiwezi kuisahau.

Najua wasomaji wa umri wangu wengi mna mzazi mwenye viungo hivi, au mnavyo wenyewe, na mtataka kusikia kwamba vidonge vilifanya muujiza. Havikufanya. Mwezi wa kwanza havikufanya kitu kabisa isipokuwa kichefuchefu, na mama alivitukana kwa Kiorma, lugha ambayo ina matusi mazuri sana. Baadaye uvimbe ukaanza kushuka, usingizi wa mikono ukapungua, lakini haukuisha. Mpaka leo haujaisha. Vidole vyake viwili vimepinda, vidonge bado anameza, na bado ananipigia simu kila asubuhi kunielekeza namna ya kuendesha duka ambamo hajawahi kufanya kazi hata siku moja.

Kilichobaki ni saa. Dawa au bila dawa, alfajiri haikuwa yake tena, na ng'ombe hukamuliwa alfajiri. Kila mtu alijua hivyo. Mama alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akiwaangalia ng'ombe kama mtu anayetaka kuwauliza kitu. Kisha jioni moja akaniambia tutajaribu jambo, na nikilisema nje atanichapa.

Kesho yake, giza likiwa halijatoka, alisukuma lango la zizi kwa kiwiko na kuwaacha ng'ombe watoke kula, bila kuwakamua. Ndama tuliwafungia nyumbani. Jambo hilo kwetu ni kama kumtoa bibi harusi bila nguo mpya. Ng'ombe wenyewe walisimama nje wakatugeukia, hawaamini. Siku ya kwanza walizunguka wakilia, ndama nao wakalia, na jirani mmoja akaja kuuliza nani amekufa. Siku zilizofuata wakapunguza. Walikwenda kula majani yenye umande huko karibu, na jua lilipoanza kuwa kali walirudi wenyewe bila kuitwa, viwele vimejaa, wakiwataka ndama wao. Kwa saa hiyo mama alikuwa ameshakaa na mikono ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na mikono ilikuwa macho.

Maziwa aliyokamua jioni ndiyo sasa yaliyouzwa mjini kwa chai ya asubuhi. Aliyachemsha sana usiku ule ule mapema, maana daktari alisema brusela ipo hata kama yeye hana, akayafunika. Ilimbidi aende mwenyewe kwa Mama Komora kumweleza ugonjwa wake ni nini na si nini. Mama Komora alisikiliza mpaka mwisho, akamimina kijikombe kimoja cha maziwa ya mama akanywa mbele ya wateja wake, kisha akawatazama mmoja mmoja kama anayesubiri mwenye la kusema. Mmoja akaagiza chai. Lakini mteja kurudi si ng'ombe kubaki, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari.

Shangazi Hawa alikuja kabla ya jua, na mchungaji wake, mtu mzima mwenye fimbo na kamba begani. Kamba ile ndiyo niliyoiona kwanza. Alilikuta zizi li wazi, ng'ombe hawapo, ndama wanalia, na mama amekaa kwenye kigoda mikono ndani ya beseni. Ungetaka kumwonyesha Shangazi uvivu wenyewe umekaa kitako, usingeweza kumpangia vizuri zaidi.

"Wifi," alisema, "saa hizi wenzako wameshamaliza kukamua."

"Na mimi sijaanza," mama akajibu. "Keti, wifi. Dahabo, mletee shangazi yako kigoda."

Shangazi aliketi. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema hakuna aibu katika ugonjwa, ng'ombe watakuwa mikononi mwa ndugu, maziwa ya watoto yataletwa kila siku. Mama alisema ahsante. Aliendelea kukunja na kukunjua vidole ndani ya maji. Mimi nilikuwa naliangalia jua, naliomba lipande, na siku hiyo lilikataa kabisa kuwa na haraka. Mchungaji akaanza kusinzia akiwa ameegemea fimbo yake.

Kisha tukasikia kwato. Walirudi mmoja nyuma ya mwingine kama ilivyokuwa desturi yao mpya, wakaingia zizini wenyewe. Shangazi akanyanyuka bila kujua amenyanyuka. Mama alifuta mikono kwenye nguo yake, akanitaka nimfungulie ndama wa kwanza, akamwacha anyonye kidogo maziwa yateremke, akamvuta pembeni, akachuchumaa. Ule mlio ukaanza. Haukuwa na kasi ya zamani. Alikamua, akapumzika, akanong'ona, akakamua. Alimaliza wa kwanza, wa pili, na wa tatu, jasho likimtiririka, na mimi nikimwonea fahari.

Alipofika kwa ng'ombe mweusi, mwenye chuchu ngumu, alisimama. Akaniita. "Huyu mkamue wewe, mwanangu."

Shangazi alikuwa anangoja hapo hapo. "Kwa hiyo huwezi wote," akasema.

"Siwezi wote," mama akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo. Alilisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Mimi niliyekuwa nimeshachuchumaa chini ya ng'ombe nikaona tumekwisha, amewatoa mwenyewe kwa mdomo wake. Mchungaji naye alikuwa ameamka, na mkono wake ulikuwa kwenye kamba.

Shangazi aliuliza polepole, si kwa ubaya, "Na siku mikono yako isipoamka kabisa, wifi, itakuwaje?"

"Siku hiyo binti yangu atakamua. Asipokuwepo, nitamlipa mtu. Nikikosa mtu, nitakuita wewe uje ukamue, na nitakujazia chombo chako urudi nacho kwako." Mama alinyoosha mgongo. "Hawa ng'ombe ni wangu mimi, wifi. Si wa vidole vyangu."

Ng'ombe mweusi alipiga mkia wake ukanipata usoni, na sikuthubutu hata kujipangusa. Shangazi Hawa alimtazama mama, akatazama vyombo vitatu vilivyojaa vinavyotoa povu, akatazama mikono ile, safari hii kwa muda mrefu, kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akamwambia mchungaji wake aende zake nyumbani, na akienda aipeleke na kamba. Akavua mtandio wake, akaufunga kiunoni, akauliza ni ng'ombe yupi amebaki.

"Yule mwekundu pale mwisho," mama akasema, akikaa kwenye kigoda chake. "Mwachie ndama kwanza, ana teke huyo. Na usimharakishe."

Shangazi, aliyekuja kuwachukua, akaenda kumfungua ndama.